Ushahidi wa Ngoma Iliyokwisha Kulia

Watu waliosikia muziki mmoja, katika ukumbi mmoja, usiku mmoja, hutoka mlangoni na hukumu zisizofanana. Mmoja husema kwamba bendi haijapata kupiga vizuri namna ile tangu kuundwa kwake. Wa pili husema kwamba fedha yake ya kiingilio imepotea bure. Wa tatu husema kwamba nyimbo zilikuwa nzuri, walakini hazikuwa zile alizozijua. Wote watatu walikuwa na masikio mazima, na hapana mmoja wao aliyekusudia kusema uwongo. Hitilafu ya namna hii ni ya kawaida mno, hata aghalabu watu huipita kwa mithali moja tu, ya kuwa penye wengi pana mengi, kisha wakaenda zao. Mithali hiyo yaeleza kwamba maneno ni mengi. Haielezi lipi ni kweli kati ya maneno hayo, wala haisemi kama mwenye kuyatamka ana wajibu wowote kwa yule anayetajwa. Maswali haya mawili ndiyo yanayostahili kufikiriwa.

Ugumu wa jambo hili watokana na tabia ya muziki wenyewe. Nyumba iliyojengwa vibaya yaweza kukaguliwa kesho na keshokutwa. Shairi lililoandikwa laweza kusomwa tena na hakimu mwingine, katika nchi nyingine, baada ya miaka mia. Muziki upigwao mbele ya watu huzaliwa na kufa kwa wakati mmoja. Sauti ya gitaa ikisha kutoka katika kipaza sauti na kugonga ukuta wa nyuma, hairudi tena. Asubuhi yake hubaki viti vilivyopinduliwa, chupa tupu, na kumbukumbu za waliokuwako. Basi anayetaka kujua usiku ule ulikuwaje hana budi kuwauliza watu. Kwa sababu hiyo mtu aliyehudhuria dansi ni zaidi ya mnunuzi aliyekula akashiba au asishibe. Yeye ni shahidi, na hukumu yake, kabla ya kuwa maoni, ni ushahidi.

Ni shida kupata mahali palipo na mfano bora wa habari hii kuliko mkoa wa Morogoro. Katika miaka ya 1960 mji wa Morogoro ulikuwa na bendi mbili ambazo sifa zao zilienea Afrika ya Mashariki yote. Moja ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki mwaka 1965, na bendi yake ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Ya pili ilikuwa Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, alipata jina kubwa kwa gitaa la solo na kwa sauti yake. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walisafiri mpaka Osaka, Japani, kupiga muziki katika maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliunda bendi ya Super Volcano, na mwezi wa Januari 1979 alikufa Mombasa kwa ajali ya gari. Mji mmoja wenye bendi mbili za namna hiyo hauwezi kuwa na rai moja. Wapenzi wa bendi hizo waligawanyika kama wagawanyikavyo wapenzi wa timu za mpira, na kila upande ulikuwa na mizani yake ya kupimia upande wa pili.

Lakini bendi za zama hizo hazikuishi kwa mji mmoja. Ziliishi kwa safari, na kila safari ilikuwa na miji yake midogo ya kupitia. Magharibi ya Morogoro, juu ya reli ya kati, uko mji wa Kilosa, ukingoni mwa mto Mkondoa, na karibu nao Kimamba, katikati ya nchi ya mashamba ya katani yaliyokusanya vibarua wa makabila mengi. Kusini yake, katika njia kuu iendayo Iringa na Zambia, uko Mikumi, jirani ya mbuga ya wanyama iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Reli ndogo hutoka Kilosa, hupita Mikumi, na huishia Kidatu, penye nchi ya miwa na sukari. Miji ya namna hii ilikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, vijana waliotoka mbali na kwao, na hamu ya kucheza. Ilikuwa na jambo jingine pia ambalo wanamuziki walilijua vyema: habari zilisafiri kati ya mji na mji upesi kuliko gari lililobeba ngoma na vipaza sauti.

Msomaji na afikiri kwamba bendi moja imepiga Kilosa Jumamosi, na Jumapili yatakiwa kupiga Mikumi. Asubuhi ya Jumapili watu watatu waliokuwa ukumbini Kilosa wako Mikumi kwa shughuli zao, na kila mmoja aulizwa na rafiki zake, “Je, walipigaje?” Wa kwanza ni karani wa shamba la katani. Ajibu kwamba hawakupiga kitu, maana wimbo anaoupenda, aliousikia redioni kila juma, waliuharibu: waliukata beti moja, kisha wakaburura magitaa robo saa nzima bila maneno. Wa pili ni fundi wa reli. Ajibu kwamba hajapata kuona usiku kama ule, maana wimbo huo huo uliongezwa urefu, na mpiga solo alifanya mambo ambayo redio haikuyafanya kamwe. Wa tatu ni mwalimu. Ajibu kwamba hakusikia vizuri kwa kuwa alisimama karibu na mlango, na vipaza sauti vilikuwa vikikoroma, lakini wachezaji walionekana wamefurahi. Kama Mikumi itamsadiki karani, ukumbi utakuwa mtupu, na watu kumi na wawili wenye wake na watoto watarudi Morogoro na deni la petroli. Kama itamsadiki fundi, watu watakosa nafasi ya kusimama. Maneno ya dakika moja yamekuwa chakula au njaa ya watu wasiokuwapo kujitetea.

Hapo yaonekana kwamba jambo hili si mchezo. Yaonekana pia kwamba watu hawa watatu, ingawa wadhaniwa kubishana, hawakusema juu ya kitu kimoja. Lugha yenyewe yatoa mwanga. Mtu aweza kusema, “Walipiga hivi.” Aweza kusema, “Iliwapasa kupiga hivi.” Na aweza kusema, “Imenipendeza,” au “Haikunipendeza.” Sentensi ya kwanza ni habari ya jambo lililotendeka. Ya pili ni dai la haki. Ya tatu ni habari ya moyo wa msemaji. Mabishano mengi ya wapenzi wa muziki hudumu usiku kucha kwa sababu mmoja asema sentensi ya tatu kwa sauti ya kwanza, na mwenzake amjibu kwa ya pili. Anayesema “hawakupiga kitu” haelezi lililotendeka, maana walipiga saa nne. Aeleza kwamba hakupendezwa, naye ameivika chuki yake nguo ya habari. Ubaya wa kauli hiyo umo katika nguo. Katika kutopendezwa hamna ubaya wowote.

Katika sentensi ya kwanza kweli ipo, na ni moja. Beti ilikatwa au haikukatwa. Bendi ilianza saa mbili au ilianza saa nne. Mwimbaji mkuu alikuwako au hakuwako. Walakini kweli moja yaweza kugawanyika katika masikio mengi bila ya sikio lolote kusema uwongo. Mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, katika insha yake juu ya kipimo cha ladha iliyotoka mwaka 1757, alitumia kisa kilichotoka katika kitabu cha Mhispania Cervantes. Watu wawili mashuhuri kwa kuonja divai waliitwa waonje pipa moja. Wa kwanza alisema ni nzuri, ila yaonja ngozi kidogo. Wa pili alisema ni nzuri, ila yaonja chuma kidogo. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake ukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Kila mmoja alikuwa ameonja kweli, na kila mmoja alikuwa ameonja nusu yake.

Kisa hiki chafaa sana kwa wasikilizaji wa Kilosa. Aliyesimama mbele ya magitaa na aliyesimama mlangoni walisikia bendi mbili. Aliyekuwa akicheza alisikia kwa miguu, na aliyeketi mezani alisikia kwa masikio. Mtu wa besi husikia besi, na mtu wa maneno husikia maneno. Lakini pana tofauti kubwa kati ya divai na muziki, ambayo Hume hakuwa na haja ya kuitaja: pipa la muziki haliishi likaonekana chini yake. Ngoma ikisha kulia hapana ufunguo unaobaki wa kuwasuta wenye kucheka. Yaliyobaki ni maneno ya waonjaji peke yake. Kwa hiyo shahidi wa muziki hana budi kutaja alipokuwa amesimama. Mwalimu aliyesema, “Nilikuwa mlangoni, sikusikia vizuri,” alitoa ushahidi mdogo kuliko wenzake wote, naye ndiye aliyekuwa mwaminifu kuwapita, maana aliwapa watu wa Mikumi njia ya kuyapima maneno yake.

Sentensi ya pili, ile ya haki, ni nzito zaidi. Karani alidai kwamba iliwapasa wanamuziki kupiga wimbo kama ulivyo redioni. Dai lake halistahili kudharauliwa. Mtu huyu hakutoa fedha yake kwa jambo asilolijua. Wimbo ulimfikia nyumbani, ukamfariji katika siku za kazi ngumu, na kwa ajili ya wimbo huo alitoka Kimamba kwa miguu akalipa kiingilio. Redio ilikuwa kama ahadi, na ahadi ni deni. Akija akakuta kitu kingine, aona kwamba ameitiwa pilau akaandaliwa ugali.

Hata hivyo ahadi hiyo yafaa kuchunguzwa kama ilitolewa kweli. Bendi nyingi za Tanzania za wakati huo zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na sahani nyingi za santuri zilitengenezwa Kenya. Upande mmoja wa sahani ndogo ulichukua dakika chache tu, hata wimbo mrefu ulilazimika kukatwa vipande viwili, mwanzo upande huu na mwisho upande wa pili. Katika ukumbi wimbo huo huo ulikuwa na nafasi ya kupumua. Sehemu ya kwanza ilibeba maneno polepole, kisha ilikuja sehemu ya mwisho ya mbio, waliyoizoea wanamuziki kuiita chemko, ambamo magitaa na tarumbeta ziliachiwa njia, na urefu wake haukupimwa kwa saa. Ulipimwa kwa miguu ya wachezaji. Na nyimbo nyingi zilikuwa zimekwisha kuchezwa ukumbini kabla ya kupelekwa studio. Basi karani aliyedai kwamba ukumbi uifuate redio amegeuza mambo. Alimtaka mzazi afanane na picha ya mtoto wake. Sahani ilikuwa usiku mmoja wa wimbo, uliofupishwa ili uenee. Haikuwa sheria ya usiku wote mwingine.

Ushahidi wa kwamba watu hawataki kufanana kwa kweli, hata wanapodhani wanakutaka, umepatikana katika zama hizi. Wasanii wengi wa muziki wa kizazi kipya wamekuwa wakipanda jukwaani na kuimba juu ya sauti zao wenyewe zilizokwisha kurekodiwa, na kipaza sauti mkononi kikiwa pambo tu. Hapo kila neno lafanana na la redio, kila ala yaingia mahali pake, na hapana beti iliyokatwa. Kama deni la mwanamuziki lingekuwa kufanana, wasanii hawa wangekuwa wamelilipa lote hata senti ya mwisho. Lakini wasikilizaji hunung'unika kwamba wamedanganywa, na husema kwamba wangeweza kubaki nyumbani. Manung'uniko hayo yafichua lile wanalolidai kwa haki. Wanadai kwamba kitu kitendeke mbele yao, na kwamba mtendaji awe hatarini, aweze kukosea na aweze kushinda.

Deni la mwanamuziki basi laweza kutajwa kwa maneno machache. Yampasa afike kwa wakati aliotangaza. Yampasa awe na akili zake timamu. Yampasa awasikilize wenzake jukwaani na awatazame wachezaji. Yampasa asiupige muziki wa Mikumi kwa nguvu iliyobaki baada ya Morogoro, kana kwamba masikio ya mji mdogo ni madogo. Bendi iliyovunja mojawapo ya haya imekosa, hata kama kila wimbo ulifanana na sahani yake. Bendi iliyoyatimiza yote haijakosa, hata kama hapana wimbo uliofanana. Kubadilisha na kuzembea ni mambo mawili, na shahidi mwadilifu huyatenga. Karani aliona mabadiliko akayaita uzembe. Alikuwa na macho ya kuona, akakosa subira ya kuuliza kwa nini.

Yabaki sentensi ya tatu, ile ya moyo. Hapa watu wengi hufikiri kwamba hapana la kujadili, maana kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya uwezo wa kuhukumu kilichotoka mwaka 1790, alionyesha kwamba jambo si jepesi hivyo. Mtu akisema kitu chamfurahisha, asema juu ya nafsi yake, naye hamdai mwingine akubali. Lakini akisema kitu ni kizuri, anena kama kwamba uzuri umo katika kitu chenyewe, na atazamia kwamba wengine nao wauone. Fundi wa reli hakusema tu kwamba alifurahi. Alitaka watu wa Mikumi waende. Alitaka furaha yake iwe yao. Hilo ni tendo la ukarimu, na pia ni tendo la hatari, maana anayemwalika mwenzake kwenye furaha amejitia dhamana. Wakienda wasione alichokiona, watamwambia kwamba aliwapoteza.

Dhamana hiyo ndiyo inayoutofautisha upendo wa muziki na ushabiki mtupu. Shabiki mtupu hana dhamana yoyote, kwa kuwa hukumu yake ilikwisha kuandikwa kabla hajalipa kiingilio. Wako wa namna mbili. Yuko anayeichukia bendi kwa sababu yeye ni mtu wa bendi ya pili, na masikio yake hukesha yakisubiri kosa kama paka kwenye tundu la panya. Mtu huyu watu humjua upesi, na ubaya wake ni haba kwa sababu hiyo. Wa pili ni mbaya zaidi na hushangiliwa kila mahali. Ni yule ambaye hupenda kila kitu. Bendi ikichelewa, ndiyo mtindo wake. Mwimbaji akisahau maneno, ndiyo mbwembwe. Gitaa likitoka nje ya sauti, ndiyo ufundi mpya. Wazee walimjua mtu huyu kabla ya gitaa kufika Afrika, wakasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayesifu kila kitu amemnyima mwanamuziki kitu asichoweza kujipatia mwenyewe, yaani habari ya jinsi alivyosikika.

Inatokea kwamba Mikumi ina mfano wake wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Profesa Jay, alitoa wimbo uitwao Ndio Mzee. Ndani yake mgombea wa siasa huwaahidi watu mambo yasiyowezekana, na umati humwitikia kwa kukubali kila neno. Mwaka 2015 msanii huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Mikumi, katika wilaya ya Kilosa, akashika kiti hicho hadi mwaka 2020. Umati ulio katika wimbo ule haukuwa na chuki yoyote kwa mgombea wake. Ulikuwa umejaa upendo. Kosa lake lilikuwa kwamba uliacha kuwa shahidi ukawa mwangwi, na mwangwi haujapata kumrekebisha mtu. Ukumbi wa dansi na uwanja wa siasa vina kanuni moja katika hili: anayesimama juu hutegemea ukweli wa waliosimama chini, na wakimnyima ukweli huo kwa mapenzi au kwa chuki, huanguka yeye pamoja nao.

Pengine mtu atasema kwamba mazungumzo haya yametwika mzigo wa mahakama juu ya kitu kilichokusudiwa kuwa starehe. Vibarua wa katani walikwenda dansini kusahau msimamizi na hesabu ya mafungu. Mbona na huko watwishwe wajibu? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba hapana wajibu wakati wa kucheza. Mtu akiwa ukumbini yu huru kufurahi, kununa, kulewa sauti, hata kulala. Wajibu waanza pale anapofungua kinywa kesho yake mbele ya mtu ambaye hakuwako. Asiyependa wajibu huo anayo njia nyepesi: aseme kwamba hakupendezwa, anyamaze hapo. Lakini akitaka maneno yake yaaminiwe, basi amekwisha kuomba cheo cha shahidi, na cheo hakiji bila masharti.

Wengine watasema kwamba shahidi amekwisha kustaafishwa na simu. Siku hizi kila mkono ukumbini umeshika chombo kinachonasa picha na sauti, na kabla bendi haijashuka jukwaani vipande vya muziki wake vimekwisha kufika Mikumi, Muscat na London. Yaonekana kwamba ufunguo wa ndani ya pipa umepatikana. Lakini simu nayo ilisimama mahali fulani. Ilisikia besi ya kipaza sauti kilichokuwa karibu, na kelele za aliyekuwa nyuma yake. Ilifunguliwa dakika mwenyewe alipotaka, ikafungwa alipochoka. Katika saa nne za muziki mtu aweza kuchagua nusu dakika ambayo sauti ya mwimbaji ilikwaruza, akaieneza kwa watu elfu, na kila kilichoonekana kikawa kweli, na jumla yake ikawa uwongo. Kwa hiyo chombo hicho hakikuondoa wajibu wa shahidi. Kimeuongeza, maana sasa uwongo waweza kusemwa kwa vipande vya kweli.

Uzito wa mwisho wa jambo hili wahusu waliokufa. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928, na sahani alizoziimba huko zilimfikisha kwa watu wasiopata kumwona. Alifariki mwaka 1950. Sahani zimesalia, lakini jinsi alivyoimba mbele ya watu, jinsi alivyomgeukia msikilizaji au kuukawiza ubeti, vilisalia katika maneno ya waliohudhuria, na baadhi ya maneno hayo yamehifadhiwa katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Hali ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe ni hiyo hiyo. Nyimbo zao bado zasikika. Nyakati za usiku ambazo nyimbo hizo ziliongezwa, zikakatwa, zikageuzwa kwa ajili ya wachezaji wa mji fulani, zimo katika vichwa vya wazee ambao hupungua kila mwaka. Kijana anayewauliza hupata majibu yanayopingana. Huyu humwambia kwamba Cuban Marimba hawakuwa na mfano, na yule kwamba mwenye masikio alikuwa mtu wa Morogoro Jazz.

Kijana huyo asikate tamaa, wala asihesabu kura za wazee ili apate mshindi. Na amwulize kila mmoja alikuwa amesimama wapi, wimbo gani ulipigwa, ulianzaje, wachezaji walifanya nini gitaa lilipoachiwa njia. Majibu ya maswali haya yatapatana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na palipo na hitilafu itakuwa ni hitilafu ya ngozi na chuma. Kisha, baada ya hayo yote, na amwulize mzee kama alipendezwa. Jibu la swali hilo ni mali ya mzee mwenyewe, na hapana haja ya kulipatanisha na la mtu mwingine.